Chuma Kilivyolala

Kitako cha bunduki kililetwa kimeviringishwa kwenye kanga, na kwa jinsi mwenyewe alivyokipakata, muuza karanga mmoja karibu na stesheni ya Kaliua alimpa pole ya kuuguliwa. Kilipofunguliwa juu ya benchi la seremala, tukauona ugonjwa wenyewe: ufa mwembamba kama unywele, ulioanzia pale chuma kinapoishia, ukashuka kuelekea mahali pa kushikia, kisha ukapotelea kwenye mistari ya mti. Mti ni mjozi wa Ulaya, una rangi ya chai ya mkandaa. Bunduki yenyewe haikuwepo. Mtutu, bolti na mwili wake wa chuma vilibaki nyumbani, ndani ya sanduku lenye kufuli, vikiwa vimeshavishwa kitako kipya. Kibali anacho, lakini si mtu wa kutembeza silaha mjini ili aonekane.

Ni mkulima wa tumbaku, na bunduki yake ni ya .375, risasi ambayo Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912 na ambayo mpaka leo wawindaji wa Afrika hawajaichoka. Fundi wa silaha aliyeko mbali na hapa ndiye aliyemwekea kitako kipya, na kabla ya kukaza skrubu akamimina gundi ngumu ya epoksi kati ya chuma na mti, ili chuma kikae kwenye kitanda chenye umbo lake. Kazi hiyo sisi tuliiita kulalisha, kwa sababu seremala ndivyo alivyoitaja mwanzo na hakuna aliyekuwa na neno bora zaidi.

Ubishi ulitokana na kauli moja tu ya mwenye bunduki: kwamba tangu ilalishwe, bunduki inapiga vizuri zaidi. Mzee aliyekuwa amekaa kwenye gogo la mninga akacheka. Huyu ni askari wanyamapori mstaafu, aliyeijua Ugalla kwa miguu tangu ikiwa pori la akiba, miaka mingi kabla haijapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na Operesheni Uhai ya 1989, ile ya kuwasaka majangili, anaisimulia kama wengine wanavyosimulia harusi zao.

MZEE. Mwanangu, nilikabidhiwa .458 kitako chake kikiwa na vanishi, nikairudisha ghalani kitako kimekuwa cheupe kama mchi. Hakuna aliyekilalisha wala kukiamsha. Nyati yuko hatua ishirini na tano, kwenye kichaka, anakutazama kama unamdai. Hapo unaniambia habari ya gundi?

MWENYE BUNDUKI. Mzee wangu, mimi sikuwa kichakani. Nilikuwa mbugani, kongoni amesimama hatua kama mia moja na hamsini. Bunduki, ikiwa bado na kitako hiki cha zamani, niliisawazisha mwenyewe mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, matundu yote yakaingia panapotakiwa. Mwezi wa saba msimu umefunguliwa, risasi ya kwanza imempata nyuma. Tulimfuata mpaka jua likazama.

MZEE. Mlimpata?

MWENYE BUNDUKI. Kesho yake asubuhi. Fisi walitutangulia.

Mzee hakucheka tena. Kwa watu wa kazi yake, mnyama aliyejeruhiwa akaachwa alale na maumivu ni aibu ambayo haina utani. Alichukua kile kitako, akakigeuza juu chini, akakirudisha.

MZEE. Ulivuta vibaya. Au darubini iligongwa kwenye gari. Kwa nini usingiziwe mti?

Nikiri kwamba hapo hata mimi nilikuwa upande wa Mzee. Kwa ninavyowajua watu wanaopenda bunduki, mtu akishalipia kitu atakiona kimefanya kazi. Lakini seremala alikuwa ameshainamia kile kitako, tochi ya simu mkononi, na hakuwa akitusikiliza.

SEREMALA. Mzee, njoo uone. Hapa kuna shimo la mraba. Ndani yake hukaa kitu gani?

MWENYE BUNDUKI. Jino. Chuma kina jino chini yake, linaingia humo. Bunduki ikipiga teke, jino ndilo linalosukuma mti, na mti unasukuma bega.

SEREMALA. Basi tazama ukuta wa nyuma wa shimo. Upande wa kushoto umebonyea, unang'aa kama kiti cha daladala. Upande wa kulia bado una alama za patasi ya kiwandani. Chuma hakijawahi kugusa hapo hata siku moja. Teke lote la hii bunduki limebebwa na kona moja isiyozidi ukucha wangu.

Tuliinama mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa kama alivyosema. Kona ya kushoto nyuzi za mti zilikuwa zimelala, zimekandamizwa hadi kuwa nyeusi. Ya kulia ilikuwa mpya kabisa, na vumbi la msasa lilikuwa bado limekaa pembeni. Risasi ya .375 ina uzito wa karibu gramu 19 na hutoka kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Kinachoisukuma mbele ndicho kinachosukuma chuma nyuma. Jino likishindwa kukisimamisha sawasawa, chuma kinarudi kidogo zaidi ya inavyotakiwa na mkia wake unaupasua mti kama shoka linavyopasua kuni. Ufa wetu ulianzia hapohapo.

SEREMALA. Mimi nikichonga kiungo cha kitanda, napitisha ulimi juu ya moshi wa kibatari, naubandika, nauchomoa. Masizi yakibaki sehemu moja tu, najua pale ndipo panapogusa, nachonga tena. Aliyetengeneza hiki alikuwa na haraka.

MZEE. Sawa. Basi gundi inaponya kitako kisipasuke. Hilo nimekubali, nimeona kwa macho. Lakini yeye hakusema kitako. Alisema inapiga vizuri.

Mzee alikuwa na haki, na nilifurahi kwamba aliukataa ule mteremko. Kuzuia ufa ni jambo moja, kupeleka risasi panapotakiwa ni jingine, na wanaouza gundi hupenda sana kuyachanganya. Seremala naye hakukimbia swali.

SEREMALA. Chukua meza ya miguu minne, iweke kwenye sakafu yenye bonde. Itacheza. Ipigilie misumari ili itulie. Itatulia, lakini ubao wa juu umepinda. Chuma kikikaa juu ya mti usio sawa, ukikaza zile skrubu mbili unakipinda. Kidogo sana, chini ya unene wa karatasi, lakini unakipinda. Kesho ukikaza kwa nguvu nyingine, unakipinda vingine.

MZEE. Chuma cha bunduki kipindwe na bisibisi?

SEREMALA. Mzee, simama pale stesheni treni ya Mpanda ikipita. Reli inainama chini ya gurudumu, unaiona. Na reli si chuma?

Halafu akaja kwenye eneo lake hasa, na hapa ndipo alipomzidi kila mtu. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba mpaka Aprili, kisha ni ukavu mtupu ambao kufikia Septemba unapasua midomo. Kila seremala wa Kaliua anaujua mlango ule ule mmoja unaogoma kufunga Februari na unaopitisha vidole Septemba. Mti ukishakatwa bado unakunywa na kutema maji ya hewani maisha yake yote, nao hutanuka kwa upana, si kwa urefu. Mninga ndio mtulivu kuliko wengi. Ndiyo maana milango ya mninga inaaminika na ndiyo maana imebaki michache msituni. Mjozi si mbaya, ila kitako hiki kwa ndani hakikupakwa chochote. Nje vanishi kama kioo, ndani mti mtupu.

SEREMALA. Mtutu ulikuwa unagusa mti huku mbele?

MWENYE BUNDUKI. Fundi aliniambia nipitishe noti kati ya mtutu na mti. Nilipitisha elfu mbili. Ilikwama kiganja kimoja tu kutoka mwanzo, upande wa kulia.

SEREMALA. Basi mwezi wa pili mti umevimba, unasukuma mtutu kushoto. Wewe ukarekebisha darubini kufuata huo msukumo. Mwezi wa saba mti umekauka, umeacha kusukuma. Darubini yako bado inaamini ni masika.

Kilichowakuta Wamarekani Vietnam ni hichohicho, na kwa vipimo vikubwa. Mwaka 1966 askari wa majini wa Marekani walianza kupewa bunduki ya wadunguaji ya M40, ya bolti, yenye kitako cha mti. Unyevu wa kule uliviharibu vile vitako, vikavimba na kupinda, na shabaha ikawa inahama. Toleo lililofuata, M40A1 la miaka ya 1970, lilikuja na kitako cha nyuzi za kioo ndani ya gundi, kisichokunywa maji. Walibadili na mtutu pia, lakini kosa la kunywa unyevu lilikuwa la mti.

Ila mtu asiondoke hapa akidhani mtutu kugusa mti ni dhambi. Lee-Enfield Nambari 4 ya Waingereza, ya vita vya pili, ilitengenezwa makusudi ili mti wa mbele uusukume mtutu kwenda juu karibu na mdomo, kwa nguvu ya kama kilo moja hadi tatu, na fundi wa kikosi aliipima kwa mizani. Kiwanda cha Lithgow cha Australia, ambacho kilitumia miti laini ya kwao kwenye Lee-Enfield ya zamani, kilipachika vibao vya shaba mahali chuma kinaposukuma ili mti usibonyee kama kona yetu ya kushoto. Kwa hiyo wapo waliouacha mtutu huru na wapo walioubana, na pande zote mbili zilitoa bunduki nzuri. Waliloliogopa wote ni mtutu unaoguswa leo na usioguswa kesho.

Mwalimu wa hesabu, mama ambaye alikuwa amekuja kuulizia madawati ya shule, alikuwa kimya muda wote akichora kwa chaki kwenye kipande cha ubao. Sasa akauliza.

MWALIMU. Baada ya kulalishwa, uliijaribu vipi?

MWENYE BUNDUKI. Risasi tatu, mita mia moja. Zilikaa ndani ya sentimita tatu. Zamani zilikuwa zinafika tano.

MWALIMU. Mara ngapi?

MWENYE BUNDUKI. Mara moja, Mwalimu. Bei ya risasi unaijua?

MWALIMU. Basi hujapima kitu, kaka yangu. Chukua bunduki ambayo haijaguswa na mtu, ambayo wastani wa kundi lake la risasi tatu ni sentimita tano. Piga makundi mengi. Theluthi mbili hivi yataangukia popote kati ya sentimita tatu na saba, kwa bahati tu, kama karata. Tatu zako zinaweza kuwa gundi. Zinaweza pia kuwa Jumanne.

MZEE. Huyu ndiye niliyekuwa namsubiri!

MWALIMU. Na wewe Mzee wangu usifurahi mapema. Kutokupima kwake hakumaanishi kwamba haifanyi kazi. Kama kulalisha kunapunguza kundi kwa moja ya tano tu, ili nilione hilo bila shaka nataka makundi kama hamsini kabla na hamsini baada. Ni risasi mia tatu.

MZEE. Za .375? Bega litalalishwa kabla ya bunduki.

MWALIMU. Halafu siku ile ile alibadilisha mambo manne: kitako kipya, gundi, mtutu ukaachiwa nafasi, na skrubu zikakazwa na mtu anayejua. Anasifu moja. Lile la mtutu na mti peke yake lingetosha kueleza kongoni.

Tuseme ukweli, hapa ndipo wengi wanaobishania jambo hili hujikwaa. Wanauliza kama kulalisha kunakaza kundi la matundu, swali ambalo linawahusu watu wa mashindano, wale wanaopiga kutoka juu ya meza, na ambao kwao milimita mbili ni medali. Kwao jibu limeshatoka zamani: wanalalisha, au wanagandisha kabisa chuma kwenye kitako. Lakini bunduki ya kuwindia haipigi kundi. Inatolewa kwenye ala asubuhi, mtutu wa baridi, inapiga risasi moja, mara chache mbili. Mwindaji wa mbugani anahitaji tundu la kwanza la Julai liangukie karibu na tundu la kwanza la Februari. Kundi la sentimita tano ambalo halihami linaleta nyama nyumbani. La sentimita mbili linalohama kiganja kizima msimu ukibadilika linalisha fisi. Kwa hiyo naona mwenye bunduki yuko sahihi kwa sababu asiyoitaja, na ile anayoitaja, sentimita tatu zake, haina uzito wowote.

Na Mzee je, miaka yote ile? Sidhani kama alidanganywa na macho yake. Bunduki yake haikuwa na darubini. Alilenga kwa kijino cha mbele na mfereji wa nyuma, kwa hatua ishirini na tano, mara nyingi akihema. Hata kama mti wake ulikuwa ukihama sentimita kumi kwa mita mia, kwa umbali wake hiyo ni kama sentimita mbili, kwenye bega la nyati. Asingeiona. Kosa kubwa likiwepo, dogo hujificha nyuma yake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa gobore pia, na njia ya misafara iliyopita huku kwetu imeona magobore. Warugaruga, wapiganaji wa Mtemi Mirambo, walipopigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, silaha nyingi za pande zote zilikuwa za kushindiliwa baruti kwa mdomo, na gololi ya risasi ilikuwa inacheza ndani ya mtutu. Mtutu wenyewe ulifungwa kwenye mti kwa pete au kwa waya. Nani angeuliza chuma kimelalaje? Swali hilo lilikuja na bunduki zilizokuwa sahihi kiasi cha kulistahili, na hizo zilipita hapa kwa wingi miaka ya vita vya Wajerumani, mpaka Wabelgiji walipoichukua Tabora tarehe 19 Septemba 1916.

MZEE. Kwa hiyo mnasema nilikuwa sahihi kwa sababu nilikuwa karibu.

SEREMALA. Ulikuwa sahihi kwa sababu hukukimbia, Mzee. Wengine tungekuwa juu ya mti.

MWENYE BUNDUKI. Fundi, hiki cha zamani hukitibu? Nikiweke akiba.

SEREMALA. Ufa naweza kuuziba usiuone tena. Lakini kukikalisha chuma, hapana. Sheria ya silaha ya 2015 ipo, kazi ya bunduki ina watu wenye vibali vyao. Mimi nalalisha watu, tena kwenye vitanda vya mninga, futi tano kwa sita.

Mwalimu alikuwa ameshainuka. Alifungua mkoba, akatoa daftari la mazoezi lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, akapiga mistari miwili ya wima kwa rula ya seremala.

MWALIMU. Tangu kilalishwe, masika imepita?

MWENYE BUNDUKI. Bado. Ilifanyika mwezi wa tano.

MWALIMU. Basi hata hilo la kuhama bado hulijui. Kila mwezi, tarehe moja, asubuhi kabla ya jua kali. Risasi moja. Mtutu wa baridi. Karatasi ileile ya shabaha usiitupe, uihifadhi na uirudishe palepale mwezi unaofuata.

MWENYE BUNDUKI. Niandike nini humu?

MWALIMU. Tarehe. Mvua ipo au haipo. Na tundu limekaa wapi, kwa sentimita, kutoka katikati.

MZEE. Na nani alivuta.

MWALIMU. Na nani alivuta, safu ya nne. Lete hiyo rula tena, Fundi.